Amana na Milki: Ukoo wa Romanov wa Urusi

Ukoo wa Romanov ulikalia kiti cha enzi cha Urusi kwa muda wa miaka 304, tangu mwaka 1613 hata mwaka 1917. Uliipokea nchi ikiwa imechomwa moto, hazina yake tupu, na mji wake mkuu umetoka jana tu mikononi mwa adui. Ukaiacha ikiwa dola iliyotanda kutoka mipaka ya Ujerumani hata bahari ya Pasifiki. Kupanda kwake kulichukua karne mbili na zaidi. Kuanguka kwake kulikamilika kwa siku zisizozidi kumi. Wahenga wamesema kwamba mpanda ngazi hushuka, kwa hiyo kushuka peke yake si jambo la kustaajabisha. La kustaajabisha ni kuwa siku ile ya mwisho hakutokea mtu wa kuishika ngazi. Majemadari waliomwapia Kaisari utii walimshauri ajiuzulu; Kanisa lililomtia mafuta lilinyamaza; na askari waliowekwa kuulinda mji mkuu walikwisha kujiunga na waandamanaji.

Sababu zinazotajwa aghalabu ni udhaifu wa Nicholas wa Pili, ugonjwa wa mwanawe, sifa mbaya ya Rasputin, na maafa ya vita vilivyoanza mwaka 1914. Zote ni za kweli, na hakuna mwanahistoria awezaye kuzipuuza. Walakini, sababu hizo zaeleza kwa nini ukoo ulianguka mwaka 1917. Hazielezi kwa nini ulianguka bila ya mtetezi. Jibu la swali hili la pili liko mbali zaidi, katika namna ukoo wenyewe ulivyoingia katika ufalme, na namna ulivyosahau jinsi ulivyoingia. Romanov wa kwanza alipewa nchi na baraza kama mtu apewavyo amana. Wazao wake waliigeuza amana kuwa milki, wakaikataza nchi hata kuuliza habari zake.

Kabla ya Romanov, Urusi ilitawaliwa na uzao wa Rurik tangu karne ya 9. Katika uzao huo alitoka Ivan wa Nne, aitwaye Ivan wa Kutisha, ambaye mwaka 1547 alikuwa mtawala wa kwanza wa Moscow kutawazwa kwa cheo cha Tsar. Neno hilo latokana na jina la Kaisari wa Roma. Basi Kaisari ndilo litakalotumika humu. Mwaka huo huo Ivan alimwoa Anastasia, binti wa kabaila aliyeitwa Roman, ambaye jina lake ndilo lililoupa ukoo jina. Ndoa hiyo ndiyo uzi uliowaunganisha Romanov na kiti cha enzi. Ivan alimuua mwanawe mkubwa kwa mkono wake mwaka 1581. Mwanawe mwingine, Fyodor, alitawala baada yake na kufa mwaka 1598 bila ya mtoto. Hapo nasaba ya kale ikakatika.

Yaliyofuata Warusi huyaita Zama za Fujo. Boris Godunov, shemeji wa Fyodor, alichaguliwa kuwa Kaisari, lakini njaa kubwa ya miaka 1601 hata 1603 iliifanya nchi iamini kuwa utawala wake hauna baraka. Mtu mmoja alizuka akidai kuwa yeye ni Dmitry, mwana wa Ivan aliyekwisha kufa. Akaingia Moscow mwaka 1605 na kutawazwa, akauawa mwaka uliofuata. Vasily Shuisky aliyemrithi alipinduliwa mwaka 1610. Jeshi la Poland likakaa katika ngome ya Kremlin, na Waswidi wakautwaa mji wa Novgorod. Nchi isiyo na mfalme iliokolewa na watu wasio wafalme: Kuzma Minin, muuza nyama wa Nizhny Novgorod, alikusanya mali, na Dmitry Pozharsky akaongoza jeshi. Mwishoni mwa mwaka 1612 Moscow ilikombolewa.

Mapema mwaka 1613 lilikutana Baraza la Nchi. Walikuwamo wakuu wa Kanisa, mabwana wakubwa walioitwa maboyari, makabaila wa kawaida, watu wa miji, Wakosaki, na hata baadhi ya wakulima huru. Walikataa kumtawaza mwana wa mfalme wa Poland au wa Uswidi, na baada ya mabishano makali wakamchagua Mikhail Romanov, kijana wa miaka 16. Sifa zake zilikuwa chache, na huenda uchache huo ndio uliomfaa. Bibi yake mkubwa, dada wa babu yake, alikuwa Anastasia, mke wa Ivan. Umri wake ulikuwa mdogo mno kwa kuwa na maadui. Na baba yake, Filaret, alikuwa mateka Poland. Wajumbe walimkuta pamoja na mama yake katika nyumba ya watawa ya Ipatiev, karibu na mji wa Kostroma. Mama, Marfa, ambaye Godunov alimlazimisha kuwa mtawa, alikataa kumtoa mwanawe. Aliwakumbusha wajumbe jinsi watu wa Moscow walivyowaapia wafalme na kuwasaliti. Walimbembeleza kwa saa nyingi hata akakubali. Basi Romanov wa kwanza hakunyang'anya wala hakurithi: aliombwa.

Katika miaka ya mwanzo Mikhail alitawala akilishauri Baraza mara kwa mara, kwa sababu hazina ilikuwa tupu na kodi isingalipatikana bila ya ridhaa ya walipaji. Filaret alirudi mwaka 1619, akawa Patriarki wa Kanisa na mshiriki wa mwanawe katika utawala hata alipokufa mwaka 1633. Chini ya Alexei, mwana wa Mikhail, Baraza lilifanya kazi yake kubwa ya mwisho: lilipitisha Sheria Kuu ya mwaka 1649. Sheria hiyo iliondoa muda uliokuwa umewekwa wa kumdai mkulima aliyetoroka, na kumfunga yeye na wazao wake katika ardhi ya bwana wake. Hivyo kukawa na mapatano ambayo hayakuandikwa kama mapatano: kabaila amtumikie Kaisari kwa upanga, na mkulima amtumikie kabaila kwa jembe. Mkulima, ambaye alikuwa wengi wa taifa, hakuulizwa. Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 17 Baraza nalo likafifia. Kaisari aliyekwisha kupata jeshi, makarani na kodi ya kudumu hakuona tena haja ya kulikusanya.

Peter, mwana wa Alexei, ndiye aliyeifanya Urusi kuwa dola kubwa ya Ulaya. Mwaka 1697 alisafiri nchi za magharibi kwa jina la kujificha, akafanya kazi ya useremala wa meli huko Uholanzi kwa mikono yake mwenyewe. Alishindwa na Waswidi pale Narva mwaka 1700, akajifunza, akawashinda pale Poltava mwaka 1709. Mwaka 1703 aliweka msingi wa mji wa St. Petersburg katika ardhi ya maji na matope, na maelfu ya vibarua walikufa katika kuujenga. Mwaka 1721 alipokea cheo cha Imperator. Alipanga utumishi wa serikali katika madaraja 14, ili mtu apande kwa kazi yake na si kwa ukoo wake peke yake. Abram Gannibal, aliyetwaliwa Afrika akiwa mtoto na kufikishwa kwa Peter kwa njia ya Istanbul, alisomeshwa uhandisi wa vita Ufaransa, akafikia cheo cha jemadari. Naye ndiye babu wa mama yake mshairi Alexander Pushkin. Peter mwenyewe alijiita mtumishi wa dola, na hapana shaka aliamini hivyo.

Lakini mtumishi huyo hakuwa na wa kumwuliza hesabu. Aliondoa cheo cha Patriarki na kuliweka Kanisa chini ya sinodi iliyosimamiwa na serikali, na hivyo sauti moja iliyoweza kumwonya Kaisari kwa jina la Mungu ikazimwa. Alitoza kodi ya kichwa iliyozidi kumkaza mkulima. Mwanawe, Alexei, alihukumiwa kifo kwa uasi, akafa gerezani mwaka 1718. Mwaka 1722 Peter alitoa sheria kwamba Kaisari atamteua mrithi ampendaye, kana kwamba nchi ni shamba la kuwasiwa. Alikufa Januari 1725 bila ya kumtaja mrithi. Kwa kuwa hapakuwa na kanuni wala baraza la kuamua, uamuzi ulikwenda kwa wenye bunduki. Tangu mwaka huo, askari wa ulinzi wa jumba la kifalme ndio waliokuwa wachaguzi wa kweli wa Makaisari. Mke wa Peter, Catherine wa Kwanza, alitawazwa kwa msaada wao. Elizabeth, binti yake, aliingia mwaka 1741 akiwa katikati yao usiku, na mtoto mchanga, Ivan wa Sita, akatolewa kitini na kufungwa maisha yake yote.

Mwaka 1730 ulitokea mwanya mmoja. Peter wa Pili alipokufa, mabwana wachache wa Baraza la Siri walimpa kiti Anna, binti wa kaka yake Peter Mkuu, kwa masharti yaliyoandikwa: asiolewe, asianzishe vita, asitoze kodi mpya, wala asimnyang'anye kabaila uhai au mali bila ya hukumu. Anna alitia sahihi. Alipofika Moscow alikuta makabaila wa kawaida wakiwaogopa mabwana hao kuliko walivyomwogopa Kaisari, maana bwana mmoja wa mbali ni nafuu kuliko mabwana wanane wa karibu. Kwa kutegemezwa nao na askari wa ulinzi, alizichana karatasi hizo mbele ya hadhara. Masharti hayo yalikuwa ya watu wachache kwa faida yao wachache, na ndiyo maana hayakupata watetezi. Lakini kitendo cha kuyachana kiliwafundisha Romanov somo la hatari: kwamba ahadi ya mfalme kwa nchi yake ni karatasi, na karatasi huchanika.

Mwaka 1762 Peter wa Tatu aliwafungulia makabaila wajibu wa kuitumikia serikali. Miezi michache baadaye alipinduliwa na mkewe, Catherine, binti wa mtawala mdogo wa Kijerumani asiyekuwa na tone la damu ya Romanov, kisha akauawa. Catherine wa Pili alikuwa mwanamke mwenye elimu na akili pana. Mwaka 1767 aliita tume ya wajumbe zaidi ya 500 ili itunge sheria mpya, na akaiandikia maelekezo yaliyojaa fikira za wanafalsafa wa Ufaransa. Wakulima waliofungwa kwa mabwana hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Vita na Waturuki vilipoanza mwaka 1768 tume ilivunjwa, wala sheria haikutungwa. Dola iliendelea kupanuka: Krimea ilitwaliwa mwaka 1783, na Poland ikagawanywa mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, hata ikatoweka katika ramani.

Hata hivyo, mapatano ya karne ya 17 yalikwisha kuvunjika upande mmoja. Kabaila hakulazimika tena kumtumikia Kaisari, lakini mkulima alilazimika bado kumtumikia kabaila. Mkulima alihesabu mambo kwa njia yake: kama bwana amefunguliwa, kwa nini mimi bado nimefungwa? Mwaka 1773 Mkosaki mmoja, Emelyan Pugachev, alijitangaza kuwa ndiye Peter wa Tatu, amenusurika na amerudi kuwapa watu ardhi na uhuru. Maelfu walimfuata katika nchi za mto Volga na milima ya Ural, hata aliposhikwa na kuuawa hadharani Moscow mwaka 1775. Yafaa kutazama kwamba waasi hao hawakuukana ufalme. Walimtafuta Kaisari wa kweli, yule aliyesitiriwa na mabwana. Imani hiyo ndiyo iliyokuwa rasilimali kubwa ya ukoo wa Romanov: watu waliamini kuwa dhulma yatoka kwa mabwana, na kwamba Kaisari hajui. Rasilimali ya namna hiyo huliwa kidogo kidogo. Bandu bandu huisha gogo.

Paul, mwana wa Catherine, aliweka mwaka 1797 kanuni ya urithi wa mwana wa kwanza wa kiume, na kwa kanuni hiyo akaondoa fujo iliyoanzishwa na Peter. Haikumwokoa yeye mwenyewe: maofisa walimuua chumbani mwake mwaka 1801. Mwanawe, Alexander wa Kwanza, alianza kwa matumaini makubwa. Waziri wake Mikhail Speransky alimwandalia mwaka 1809 mpango wa mabaraza yaliyochaguliwa, kuanzia wilayani hata taifani. Mpango ukawekwa kando, na Speransky akahamishwa mwaka 1812. Mwaka huo Napoleon aliivamia Urusi, na walioifukuza Ufaransa ni askari wakulima. Mwaka 1814 jeshi la Urusi liliingia Paris. Baada ya ushindi, Alexander aliipa Poland iliyokuwa chini yake katiba na bunge mwaka 1815, asiipe Urusi yenyewe. Maofisa vijana waliorudi kutoka Ufaransa waliona kwamba aliyeshindwa amepewa kile alichonyimwa mshindi.

Maofisa hao ndio walioasi tarehe 14 Desemba 1825, kwa kalenda ya kale ya Warusi ambayo yafuatwa humu hata kubadilishwa kwake mwaka 1918. Alexander alikuwa amekufa, na ilikuwa siku ya kumwapia ndugu yake, Nicholas wa Kwanza. Askari wapatao 3,000 walisimama katika uwanja wa Seneti St. Petersburg hata jioni, wakapigwa mizinga. Viongozi 5 walinyongwa, wengine wengi wakapelekwa Siberia. Tofauti yao na askari wa karne iliyotangulia ilikuwa kubwa: wale walitaka kubadili mfalme, hawa walitaka kubadili namna ya kutawala. Nicholas alijibu kwa kuanzisha polisi ya siri na kukaza udhibiti wa maandishi. Alitawala miaka 30 kama mkuu wa kambi, na kambi yake ilionekana imara mpaka vita vya Krimea, 1853 hata 1856, vilipodhihirisha kwamba Urusi haina reli za kutosha, haina silaha za kisasa, na haina uchumi wa kuvilipia vita.

Alexander wa Pili alilitambua lililo wazi. Mwaka 1856 aliwaambia makabaila wa Moscow kuwa ni heri utumwa wa wakulima uondolewe kutoka juu kuliko kungoja ujiondoe kutoka chini. Tarehe 19 Februari 1861 alitia sahihi sheria iliyowafungua zaidi ya watu milioni 20 waliokuwa chini ya makabaila. Lilikuwa tendo kubwa kupita yote yaliyofanywa na ukoo wake. Walakini mkulima alitakiwa kulipia ardhi kwa muda wa miaka 49, na mara nyingi ardhi aliyopewa ilikuwa pungufu ya ile aliyokuwa akiilima. Mwaka 1864 yaliundwa mahakama mapya na mabaraza ya wilaya yaliyoitwa zemstvo. Sasa kulikuwa na watu waliojifunza kuendesha shule, hospitali na barabara zao kwa kupiga kura, na swali lililowajia halikuepukika: kama twaweza kuchagua wa kusimamia daraja, kwa nini tusichague wa kusimamia nchi? Asubuhi ya tarehe 1 Machi 1881 Alexander aliukubali mpango mdogo wa kuwaita wajumbe waliochaguliwa watoe shauri juu ya miswada ya sheria. Adhuhuri ya siku hiyo hiyo aliuawa kwa bomu na wanamapinduzi waliokuwa wakimwinda kwa miaka.

Waliotupa bomu hilo waliua na mpango pia. Alexander wa Tatu aliuweka kando, akatangaza katika mwezi wa Aprili kwamba enzi ya Kaisari itabaki bila ya kupunguzwa. Miaka 13 ya utawala wake ilikuwa ya amani nje na ya mkazo ndani. Viwanda viliongezeka, na reli ya Siberia ikaanza mwaka 1891. Lakini mataifa yasiyo ya Kirusi yalishurutishwa kuifuata lugha na desturi ya Kirusi, na Wayahudi waliwekewa sheria ngumu mwaka 1882. Hapo pana kinzano iliyokuja kuugharimu ukoo: serikali ilijenga reli, viwanda na vyuo, na kwa hivyo ikaumba watu wapya, wahandisi, mawakili, walimu na wafanyakazi, kisha ikawataka watu hao wapya wakae katika utii wa kale.

Nicholas wa Pili alirithi mwaka 1894. Januari 1895 wajumbe wa zemstvo walipotumaini kusikilizwa katika mambo ya nchi, aliwaambia kuwa hayo ni ndoto zisizo na maana. Mwaka uliofuata, katika sherehe za kutawazwa kwake, zaidi ya watu 1,300 walikanyagana na kufa katika uwanja wa Khodynka walipokuwa wakingoja zawadi, na usiku wa siku ile Kaisari alikwenda dansini kwa balozi wa Ufaransa. Mwaka 1897 ilifanywa hesabu ya kwanza ya watu wa dola nzima. Watu walipatikana milioni 125 na zaidi, na Warusi wenyewe, wakitengwa na Waukraine na Wabelarusi, hawakufikia nusu. Karatasi ya Kaisari ilikuwa na mahali pa kuandika kazi yake kama karatasi ya kila mtu. Aliandika: mwenye nchi ya Urusi. Hakuyaandika kwa majivuno. Alikuwa mtu mpole, mpenda watoto wake na mcha Mungu, aliyeamini kwa dhati kwamba nchi ni mali aliyoachiwa na baba, na kwamba ni dhambi kuipunguza kabla ya kumwachia mwana. Miaka 284 baada ya Kostroma, amana ilikuwa imekuwa milki hata katika dhamiri ya mtunzaji wake.

Vita na Japani vilianza mwaka 1904. Manowari za Urusi zilitumwa kutoka bahari ya Baltiki kuizunguka dunia nusu nzima. Sehemu kubwa yake ilipita rasi ya kusini mwa Afrika, ikatia nanga kwa majuma mengi katika kisiwa cha Nosy Be, Madagascar, na huko wanamaji wakasikia kwamba ngome ya Port Arthur waliyokuwa wakienda kuiokoa imekwisha kuanguka. Waliendelea, wakaangamizwa Tsushima mwezi wa Mei 1905. Wakati huo nyumbani lilikwisha kutokea jambo baya zaidi. Tarehe 9 Januari 1905 maelfu ya wafanyakazi wa St. Petersburg, wakiongozwa na kasisi Gapon na kubeba sanamu takatifu na picha za Kaisari, walikwenda katika jumba lake kumpa maombi yao. Kaisari hakuwapo mjini. Askari walipiga risasi, na zaidi ya watu 100 wakafa. Watu hao walikuwa na imani ile ile ya wafuasi wa Pugachev, kwamba Kaisari hajui na akiambiwa atasikia. Siku hiyo imani hiyo ilipigwa risasi pamoja nao, na hapakuwa na wa kuifufua.

Migomo na maasi ya mwaka huo yalimlazimisha Nicholas kutoa tangazo la tarehe 17 Oktoba 1905, lililoahidi uhuru wa raia na bunge, Duma. Wengi wape, husema Waswahili. Naye aliwapa, lakini kwa mkono mmoja. Sheria za msingi za Aprili 1906 ziliondoa neno lisemalo kuwa mamlaka ya Kaisari hayana mpaka, na kuliacha neno lisemalo kuwa hayana mshirika. Duma ya kwanza haikutimiza miezi mitatu kabla ya kuvunjwa. Ya pili ilivunjwa Juni 1907, na sheria ya uchaguzi ikabadilishwa ili wenye ardhi wapate viti vingi. Waziri Mkuu Stolypin, aliyejaribu kumfanya mkulima kuwa mmiliki wa shamba lake huku akiwanyonga waasi, alipigwa risasi Kiev mwaka 1911. Mwaka 1913 ukoo uliadhimisha miaka 300 ya enzi yake. Nicholas alisafiri kwa mto Volga mpaka Kostroma, mahali ambapo wajumbe walimwomba Mikhail. Alilakiwa na umati mkubwa, akarudi akiwa na hakika kwamba watu na yeye ni kitu kimoja, na kwamba Duma ndiyo iliyosimama kati yao.

Vita vya mwaka 1914 vilikuta nchi ya namna hiyo. Wanaume wapatao milioni 15 waliitwa jeshini. Agosti 1915 Nicholas alijitwalia uamirijeshi mkuu, akahamia makao ya jeshi Mogilev, na kwa hivyo kila kushindwa kukawa kwake. Mji mkuu aliuachia Malkia Alexandra, ambaye alimwamini Rasputin kwa sababu aliaminiwa kumtuliza mtoto wao Alexei, mgonjwa wa damu isiyoganda. Mawaziri waliondolewa na kuwekwa upesi upesi. Rasputin aliuawa Desemba 1916 na watu wa tabaka la juu kabisa, mmoja wao binamu wa Kaisari; maana hata wao hawakuwa na njia nyingine ya kubadili serikali ila kuua. Mwisho wa hiari ya kutosikizwa huwa ni kisu.

Tarehe 23 Februari 1917 wanawake wa Petrograd, kama mji mkuu ulivyoitwa tangu 1914, waliingia barabarani kudai mkate. Siku ya 27 askari wa mji waliasi. Tarehe 2 Machi, katika behewa la gari moshi lililosimama Pskov, Nicholas alijiuzulu baada ya kusomewa simu za majemadari wake. Alijiuzulu kwa niaba ya mwanawe pia, jambo ambalo kanuni ya Paul haikumruhusu, akamwachia kiti ndugu yake. Ndugu huyo aliitwa Mikhail. Kesho yake, katika nyumba ya watu mjini Petrograd, Mikhail aliandika kwamba hatapokea mamlaka mpaka apewe na Baraza la Katiba lililochaguliwa kwa kura ya watu wote. Hapo enzi ya Romanov ikakoma. Mikhail wa kwanza alipokea nchi kwa kuwa baraza lilimwita. Mikhail wa mwisho aliikataa kwa kuwa baraza halijamwita. Kati yao zilipita zaidi ya karne tatu ambazo swali hilo lilikatazwa kuulizwa.

Baraza lililongojewa lilikutana tarehe 5 Januari 1918, na Wabolsheviki walioshika serikali wakalitawanya baada ya kikao kimoja. Mikhail aliuawa karibu na Perm mwezi wa Juni. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, kwa kalenda mpya, Nicholas, mkewe, binti zao wanne, mwana wao mgonjwa wa miaka 13 na watumishi wanne walipigwa risasi katika chumba cha chini cha nyumba moja Yekaterinburg. Nyumba hiyo ilikuwa ya mhandisi Ipatiev, jina lile lile la nyumba ya watawa ya Kostroma. Hakuna kosa la dola liwezalo kuhalalisha mauaji ya watoto hao. Mifupa ya wengi wao ilizikwa St. Petersburg mwaka 1998, baada ya dola iliyowaua nayo kuvunjika mwaka 1991.

Haifai kusema kwamba mtawala aliyechaguliwa hadumu ila kwa kura, wala kwamba kura ni kinga ya kuanguka. Godunov naye alichaguliwa. Tofauti iko katika njia ya kuulizana. Mwenye kushika amana aweza kukosea na kusahihishwa, kwa kuwa yupo wa kumwuliza, na aliyemwuliza ana sababu ya kumsaidia mzigo unapomwelemea. Mwenye milki hana wa kumwuliza, na kwa hiyo hana wa kumsaidia. Makabaila, maofisa, wajumbe wa wilaya, wafanyakazi wenye picha za Kaisari mikononi, wote walikwenda kwa zamu kugonga mlango wa Romanov, wakirudishwa. Mwaka 1917 mlango ulipogongwa na dhoruba, waliokuwa nje walikuwa wengi, na ndani alibaki mwenye nchi peke yake.